Injini Isiyotoa Moshi

Gikondo, Kigali
14 Januari 2024

Mjomba Gerald,

Shikamoo. Natumaini Pongwe mmeamka salama, wewe na mwanao dada Flaviana, na kwamba kile kikohozi cha Krismasi kimekuachia. Mimi ni mzima. Bado naishi Niboye na kila asubuhi nashuka Gikondo kazini. Karakana tumeihamishia chumba kikubwa zaidi nyuma ya maghala, na nimepata fundi wa kunisaidia, anaitwa Sangwa, baba wa watoto watatu, zamani alikuwa akitengeneza pikipiki. Wateja wa magari ya rimoti wanaongezeka. Watu wazima wenye suti, Mjomba, wanalia kwa sababu ya gari linaloingia kwenye mfuko wa rambo.

Salamu zimetosha. Sasa niambie, hukuona haya kunitumia ile injini ya gari lako la rimoti?

Niliifungua Ijumaa. Nilianza na ekzosi. Akatoka mende. Usidhani ni mzoga. Alikuwa mende mzima, mnene, ana afya kuliko mimi, na nyuma yake akafuata mwenzake, wote wawili wakapita juu ya mkono wangu wakaelekea kwenye chakula changu cha mchana. Sangwa alimwita Mungu wake kwa kelele, "Mana yanjye!" akatoka mbio. Mayai yao nimeyakwangua kwa bisibisi. Ndani ya kichwa cha injini nikakuta mafuta ya nyonyo yamegeuka ulimbo wa kahawia, yananuka uvundo ambao mpaka leo nausikia kwenye nywele. Beringi ya nyuma ina kutu. Nilichefukwa nikaacha kula.

Nani alinifundisha mimi? Nilikuwa na miaka kumi na miwili, tumetoka uwanjani, nimechoka, nataka kulala, na wewe umesimama mlangoni: "Vero, choma mafuta yaliyobaki, tia matone matano ya kulainisha, zungusha, ndipo ukalale. Injini hailali na mafuta tumboni." Leo wewe ndiye unayeilaza na mafuta tumboni, tena na mende. Yalaaa!

Basi, nimeichemsha siku nzima kwenye sufuria yenye kulanti, yale maji ya rejeta. Sufuria hiyo imekufa, haitapikiwa tena hata chakula cha mbwa. Nimeweka beringi mpya na plagi mpya. Pistoni bado inabana vizuri ikifika juu, na hilo ndilo lililoniokoa nisiitupe jalalani, hilo na kwamba ndiyo injini tuliyoifungua pamoja mara ya kwanza. Umesema unaitaka kwa mashindano ya Jumatatu ya Pasaka, yawe ya mwisho kwako. Haya, iko tayari.

Ila sikiliza. Kigali iko juu sana, hewa ni nyepesi, kwa hiyo sindano ya kabureta nimeikaza ili mafuta yaingie machache. Hewa ya huko kwenu ni nzito. Ukiiwasha ilivyo itaungua. Fungua sindano robo mzunguko, kimbiza gari, halafu tazama moshi. Ukiona uzi wa moshi wa buluu unalifuata gari uwanja mzima, umefika. Usipouona, fungua tena kidogo.

Umeniomba ile chupa ya kujazia yenye mdomo mrefu, eti yako imepasuka na dumu la lita ishirini ni zito kuliinamisha. Sina ya ziada, na baada ya wale mende sina hamu ya kukutafutia chochote. Umekuwa fundi wa matrekta ya shamba la mkonge miaka thelathini. Mafuta kwenye matangi mlikuwa mkiyatoa na nini? Tumia mpira kama ulivyozoea.

Barua na injini anazo Eustache, yule dereva wa lori. Msalimie Flaviana.

Ni mimi mpwa wako ninayenuka nyonyo,
Veronica


Pongwe, Tanga
4 Februari 2024

Mpwa wangu Veronica,

Marahaba, mama. Barua yako ya tarehe 14 Januari Eustache amenikabidhi mkononi pamoja na injini. Nimeisoma mara mbili, nikacheka, nikaitia kwenye faili pamoja na nyingine zote. Umerithi ulimi wa marehemu mama yako. Yeye angeweza kumsema mtu mpaka mbuzi wa jirani akaona aibu.

Sisi tu wazima. Flaviana amefuga kuku kumi na wawili na ananiamuru mimi nijenge banda. Kanisani wamenichagua tena kuwa mzee wa kanisa, ingawa nilikataa kwa adabu. Unauliza kila siku kwa nini sipigi simu. Simu haina faili. Nikitaka kujua mwaka ule ulisema sindano ifunguliwe kiasi gani, nafungua ukurasa nasoma. Maneno ya simu yanakwenda na upepo.

Wale mende walikuwa wageni wako. Ungewapa chai.

Injini imewaka mvuto wa tatu. Nilisimama katikati ya uwanja wa kuanikia mkonge, sauti ile ikanirudisha miaka ishirini nyuma, machozi yakanitoka. Labda ni mafusho. Nimetema mate juu ya kichwa cha injini, yakakauka kwa kuhesabu tatu, kwa hiyo joto lake ni sawa. Najua hupendi, lakini mate hayahitaji betri.

Jambo moja tu. Moshi sikuuona. Nilifungua robo kama ulivyosema, nikafungua tena kidogo, bado. Labda plagi?

Kuhusu mafuta, ulisema kweli, mpira unatosha. Navuta kwa mdomo mara mbili na mafuta yanashuka yenyewe kwenye chupa ya soda. Ladha yake ni mbaya kuliko dizeli, na siku nyingine funda linanipita kooni kabla sijatema. Mazoezi yamepotea, uzee huu. Kichwa kinaniuma tangu Jumatano. Nimepima malaria, hakuna kitu.

Kula vizuri. Usiwakaripie wateja, ndio wanaokulisha.

Mjomba wako anayekuombea kila Jumapili,
Gerald


Gikondo, Kigali
20 Februari 2024

Mjomba,

Shikamoo, na poleni na banda la kuku. Flaviana atakufanya uwe seremala uzeeni. Huku mvua imeanza kujaribujaribu. Jumamosi ijayo ni umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, tutazibua mtaro wetu ambao watu wa juu wanautupia nepi za watoto. Nepi, Mjomba! Nimeshanunua glavu.

Umesema nisiwakaripie wateja. Ngoja nikusimulie. Kuna bwana anaitwa Arthur, amekulia Kampala, ana ofisi yenye zulia. Amenunua injini mpya kabisa, ameikimbiza matopeni, kisha ameiosha. Unajua kwa kitu gani? Kwa maji na sabuni ya unga. Ameijaza povu kupitia kwenye kabureta, akaitikisa mithili ya anayeosha chupa ya uji, akaianika juani. Ameniletea ikiwa imeshikana kabisa, ndani kuna uji wa kutu na sabuni. Ananiambia, "Madamu, si nilitaka iwe safi?" Nilitaka kwenda kumtapikia kwenye zulia lake. La kuvunda halina ubani. Nimemwambia anunue nyingine.

Sasa wewe. Kwanza, mate. Wewe ni mzee wa kanisa. Unasimama mbele za watu unaitemea injini niliyoisugua kwa mswaki! Kuna vipima joto siku hizi, unaelekeza tu, namba inatokea. Nitakutafutia kimoja, ilimradi uache uchafu huo. Na ile habari yako ya mpira na mafunda sikuimaliza hata kuisoma. Nilikuwa nakula.

Pili, moshi. Plagi haina kosa, niliiweka mwenyewe. Usipouona moshi maana yake injini ina njaa ya mafuta. Fungua robo nyingine. Usiogope. Fungua mpaka uuone, ndipo uanze kurudisha kidogo kidogo. Ni wewe uliyeniambia, "Moshi ndio ulimi wa injini." Basi usikilize inavyosema.

Kwa kichwa kunywa maji, na uache kofia ile ya manyoya kwenye joto la Tanga.

Mpwa wako mwenye glavu,
Veronica


Pongwe
11 Machi 2024

Vero,

Marahaba. Sisi tunaendelea. Kuku wawili wamekufa, kumi wapo. Nisamehe mwandiko, kalamu hii ni mbaya na mistari ya karatasi imefifia. Nawe ukiandika, andika herufi kubwa, kalamu yako ni nyembamba mno.

Nimefungua robo, nikafungua robo, sasa ni mizunguko miwili kamili. Injini inakoroma, inanirushia mafuta vidoleni, halafu inazimika. Lakini moshi bado sijauona.

Siku hizi Pongwe ina ukungu. Mweupe, tangu asubuhi mpaka mchana. Flaviana anasema hakuna ukungu wowote, lakini Flaviana hajapata kuwa mtu wa kutazama mambo.

Wiki iliyopita nilitapika pale uwanjani. Nadhani ni maharage.

Pasaka imekaribia. Wazee wamepaka chokaa mistari ya uwanja, wameniwekea nafasi ya kwanza. Nataka gari hili likimbie vizuri, Vero. Siku hiyo moja tu.

Mjomba wako


Gikondo, Kigali
25 Machi 2024

Mjomba Gerald,

Shikamoo. Huku ni wazima.

Leo sitakuzungusha. Eustache amefika jana na barua yako, na nilipomuuliza habari za nyumbani aliinamisha macho. Nimemlazimisha aseme. Ameniambia kwamba Pongwe nzima inasema Mzee Gerald anakunywa gongo. Kwamba unayumba ukitembea, unapapasa kuta, umetapika uwanjani mchana kweupe mbele ya wanakwaya. Kwamba Flaviana alikupeleka hospitali, daktari akakuuliza, "Mzee, gongo hiyo umeinywa wapi?" na wewe ukanyamaza kimya. Mtu asiyekunywa hanyamazi, Mjomba. Lisemwalo lipo.

Na mimi ninayo barua yako hapa. Imenuka spiriti tangu kwenye bahasha. Nimeishika kwa ncha za vidole, nikaisoma nimeziba pua. Mwandiko unapanda na kushuka, mstari mmoja umeuandika juu ya mwingine. Unaniambia kalamu ni mbaya! Ukungu Tanga! Maharage!

Mimi ni nani mbele yako hata unidanganye kitoto hivi? Injini iliyofunguliwa mizunguko miwili na kukoroma na kurusha mafuta, hiyo imezama kwenye mafuta, inatoa moshi wa kumfukuza nyuki. Haiwezekani, haiwezekani kabisa, ikakosa moshi. Moshi upo. Asiyekuwepo ni wewe.

Unajua baba yangu alivyokufa. Ni wewe uliyekwenda kumwokota kwenye mtaro, ukamwosha, ukamfunika kwa shuka lako mwenyewe nisimwone alivyokuwa. Nilikuona ulivyokuwa ukimwosha. Ulikuwa na kinyaa lakini hukumwacha. Usiku ule uliniapia kwamba nyumbani kwako sitaisikia tena harufu ile. Sasa harufu ile imenifuata Kigali ndani ya bahasha, na mwandiko ni wako. Nimechefukwa, Mjomba. Nimechefukwa mpaka mifupani.

Pasaka usiguse gari. Usijiaibishe mbele ya watu kwa injini niliyoikarabati mimi. Na usiniandikie tena mpaka umeacha.

Veronica


Pongwe
28 Aprili 2024

Veronica,

Barua yako ya Machi nimeipata. Flaviana amenisaidia kuisoma.

Jumatatu ya Pasaka niliingia uwanjani. Gari lilikwenda raundi tatu, nikalifuata kwa sauti. Raundi ya nne likagonga ukuta wa ghala. Jua lilikuwa machoni.

Injini haikuumia. Ulifanya kazi nzuri.

Watu husema mengi. Dumu limeisha na nimeacha, kama ulivyotaka.

Mjomba wako
Gerald


Gikondo, Kigali
19 Mei 2024

Mjomba wangu Gerald,

Shikamoo. Shikamoo tena.

Dada Flaviana, najua ni wewe unayesoma. Nakuomba umsomee yote, polepole, hata yale yanayoniumbua. Usiruke hata neno.

Mjomba, Alhamisi nilikuwa nafunga pistoni. Pampu yetu ya mafuta imeharibika. Nikageuka, nikamwona Sangwa amepiga magoti mbele ya dumu, mpira mdomoni, mashavu yamebonyea, anavuta. Niliruka. Nilimpiga kibao nikauchomoa mpira ule, meno yake yakalia. Nikamfokea, "Sangwa, una wazimu? Hii si petroli! Hii ni methanoli, ni sumu! Unataka kupofuka?"

Sangwa akashika shavu, akasema, "Basi pole, Madamu. Sisi kwa pikipiki tunafanyaga hivi. Iko shida?"

Nikautupa ule mpira. Neno lile lilikuwa bado liko mdomoni mwangu. Kupofuka. Nikakaa chini sakafuni, kwenye mafuta. Sangwa alidhani nimezimia, akaniletea maji.

Nilitoa barua zako zote. Ya Februari iko wazi kabisa: mara mbili kwa mdomo, funda linapita kooni, kichwa kinauma. Uliniambia! Uliniambia kwa maandishi, na mimi nilikujibu kwamba sikuimaliza kwa sababu nilikuwa nakula. Moshi huuoni. Ukungu mweupe. Nikuandikie herufi kubwa. Na Eustache anasema ile Jumatatu ya Pasaka mvua ilinyesha Tanga tangu alfajiri, hakukuwa na jua la kumwingia mtu yeyote machoni. Barua ile iliyonuka haikunuka gongo. Ilinuka dumu. Mimi ndiye ninayeshika mafuta hayo kila siku, pua yangu inayajua kuliko marashi, na siku ile niliiziba.

Nilimpigia Flaviana hapo hapo. Amenieleza yote. Kwamba jicho la kulia limekwisha na la kushoto linaona dirisha tu. Kwamba hospitali wameandika pombe haramu kwenye cheti chako, na kanisani wamekuvua uzee, na wewe hukufungua mdomo kujitetea. Wahenga wanasema mficha maradhi kilio humfichua, lakini wewe ulimficha nani, Mjomba? Nimeomba nizungumze nawe, umekataa kuishika simu. Nimesema napanda basi naja, Flaviana anasema umesema nisije mpaka utakaponiita.

Nakuomba jambo moja. Ile barua yangu ya Januari, ile ya mende. Naikumbuka vibaya, na kila nikijaribu kuikumbuka naiona ni mbaya zaidi. Nadhani niliandika kurasa kuhusu mende na uvundo, na juu ya sumu sikuandika hata mstari. Nadhani niliandika "tumia mpira". Nitumie niisome kwa macho yangu. Ipo, wewe mwenyewe uliniandikia kwamba umeitia kwenye faili. Nataka kuipeleka kanisani kwenu, na kwa yule daktari, wajue nani alikunywesha.

Nimewacheka wateja, nimewatukana, nimeona kinyaa kwa mende na mate na sabuni. Leo nikijitazama kwenye kioo sioni mende wala mate. Naona mtu aliyeshindwa kumaliza barua ya mjomba wake kwa sababu alikuwa na sahani ya wali mbele yake. Najichukia, Mjomba. Mikono hii nimeiosha kwa kila kitu, bado inanuka.

Niite nije. Hata ukitaka kunipiga, niite.

Vero


Pongwe
9 Juni 2024

Veronica, mama,

Marahaba. Anaandika Flaviana, mimi nasema. Ameapa kuandika kila neno, hata nikimsengenya yeye.

Tu wazima. Kuku sasa ni ishirini na sita, wananijua kwa harufu, wananifuata mpaka chooni. Jicho la kushoto linaona dirisha, na jana liliona kivuli cha Flaviana anapita na sufuria, nikamwambia ameunguza mboga, akashangaa. Hiyo ilikuwa kazi ya pua lakini sikumwambia. Sasa amejua.

Usimpige tena Sangwa. Mwombe radhi, umnunulie pampu.

Jana niliitoa injini, Flaviana akaitia mafuta yaliyosalia kwenye chupa ya soda. Ile plagi, kile kiwashio, vyote mikono inavijua. Flaviana alisimama pembeni akanitajia: moshi hakuna, moshi hakuna, moshi huo! Tumeirudisha sindano mpaka mzunguko mmoja kasoro robo. Kisha nikatema mate juu ya kichwa cha injini, nikasikiliza. Tsss. Moja, mbili, tatu, kimya. Imekaa sawa. Kipima joto chako chenye namba kingenifaa nini mimi leo? Ukija utatema na wewe, na kinyaa chako ukiache getini.

Ndiyo, nimesema ukija. Njoo. Panda basi la mapema, uje na ile chupa ya mdomo mrefu. Sikutaka uje ukiwa na hasira, na baadaye sikutaka uje ukiwa na machozi, nikawa nangoja uje ukiwa Vero. Flaviana anasema nitangoja sana, kwa hiyo njoo hivyo hivyo.

Hospitali na kanisa uwaache. Yule daktari aliponiuliza gongo nilinyamaza kwa akili zangu timamu. Mtu akipofushwa na gongo, kosa ni lake. Hakuna anayeuliza nani alimwambia anywe.

Faili nimemwagiza Flaviana alifungue, amelipitia ukurasa kwa ukurasa mbele yangu. Barua zako zote zimo tangu ulipokwenda shule ya ufundi, hata ile ya kuomba sabuni. Ya Januari mwaka huu haimo. Sikuipata, mama. Njia ni ndefu, lori linatikisika, vitu hupotea. Huwezi kuniumiza kwa barua ambayo haikunifikia.

Na kama kuna mahali niliandika kwa mkono wangu kwamba niliipata, basi siku hiyo nilikuwa nimelewa. Waulize Pongwe nzima.

Mjomba wako,
Gerald